Muulize Mpiga Chapa: Matambara, misonobari na rimu iliyolowa

Kamwene mzee. Niko kidato cha tatu, Mafinga. Kwetu ukifungua dirisha ni misonobari tu mpaka macho yachoke. Mwalimu alisema karatasi inatoka kwenye miti hii. Mwenzangu akabisha: Wachina walikuwa na karatasi kabla ya mashine yoyote, sasa magogo walipasuaje? Na je, kila nikichana ukurasa wa daftari naua mti?

Kamwene mwanangu. Huyo mwenzako mpe haki yake. Wachina hawakupasua gogo lolote. Cai Lun, yule ofisa wa ikulu anayetajwa kwenye historia, alipopeleka karatasi yake kwa mfalme mwaka 105, malighafi yake ilikuwa magome ya mforosadi, nyuzi za mmea wa jamii ya bangi (usicheke), matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Alivitwanga ndani ya maji mpaka vikawa nyuzinyuzi zinazoelea, akazikinga kwa chekecheo, maji yakachuruzika na nyuzi zikabaki zimeshikana. Hiyo ndiyo karatasi. Kiwanda cha leo kinafanya jambo lile lile, ila chekecheo lake ni refu, linazunguka, na lina haraka.

Kwa zaidi ya miaka 1,700 dunia iliendelea hivyo, na huko Ulaya karatasi ilikuwa matambara hasa. Ufundi ulipita Samarkand, ukafika Baghdad mwishoni mwa karne ya 8, ukazunguka Afrika Kaskazini hadi Hispania, na kufikia karne ya 13 mji wa Fabriano kule Italia ulikuwa unasifika kwa karatasi zake. Gutenberg wa Mainz alipochapa Biblia karibu mwaka 1455, nakala kama 180, nyingi zilikuwa za karatasi ya matambara ya kitani na chache za ngozi ya ndama. Watu humsifu kwa herufi zake za kupanga moja moja. Lakini fundi wa China aitwaye Bi Sheng (mwanamume huyo, "Bi" ni jina lake) alikuwa ameshafinyanga herufi za udongo katika miaka ya 1040, na Korea walikuwa wameshachapa kitabu kwa herufi za chuma mwaka 1377. Mimi Gutenberg namwona mtu mwenye akili aliyekuta pia karatasi ipo sokoni. Kwa ngozi peke yake angemaliza mazizi ya jirani zake wote.

Shida ilianza watu walipojua kusoma. Magazeti yakaongezeka, na mwaka 1799 Mfaransa Louis-Nicolas Robert akapata hataza ya mashine ya kutengeneza karatasi ndefu isiyokatika. Mashine ikala matambara kuliko watu walivyoweza kuchakaza nguo. Hapo ndipo wakakumbuka maneno ya Réaumur, mtaalamu wa wadudu, aliyekuwa ameieleza Akademia ya Sayansi ya Ufaransa mwaka 1719 kwamba nyigu anatafuna mbao na kujenga kiota cha karatasi. Nenda kaangalie chini ya mabati ya darasa lenu, kiota cha nyigu cha kijivu, kikavu, chenye mistari mistari: hiyo ni karatasi ya mti, na imetangulia ya kwetu. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller akakandamiza gogo kwenye jiwe la kunolea linalozunguka huku likimwagiwa maji, akapata rojo. Mwaka huo huo Charles Fenerty wa Kanada akapeleka kipande cha karatasi yake ya mbao kwa gazeti la Halifax. Hawakuwa wakijuana.

Misonobari yenu ni mgeni kutoka Mexico, na imepandwa na watu. Majaribio kwenye shamba la miti la Sao Hill, hapo kwenu, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1930, upandaji mkubwa ukaja miaka ya 1960 mpaka ya 1980, na mmoja wa walaji waliokusudiwa ni kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980. Mimi nilishika karatasi yake kazini. Baadaye kikasimama, kikabinafsishwa, na sasa kinajulikana zaidi kwa karatasi ya kaki. Pale mti hausagwi kwa jiwe. Vipande vyake vinapikwa kwa magadi makali na chumvi ya salfa kwenye joto la karibu nyuzi 170, mpaka ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mbao, lignini, iyeyuke. Salfa ndiyo inayoleta harufu ya yai viza inayofahamika na yeyote aliyewahi kukaa upande wa upepo wa kiwanda cha namna hiyo. Karibu nusu ya mbao inatoka kama nyuzi. Nusu nyingine inabaki kwenye maji meusi, na maji hayo yanachomwa kuendesha kiwanda.

Sasa dhambi yako. Karatasi moja ya A4 ya kawaida, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5. Rimu, yaani karatasi 500, ni kilo mbili na nusu. Mti haujafa kwa ukurasa wako, na msonobari wa Sao Hill ulipandwa ili ukatwe, kama mahindi ya Ismani. Misitu ya asili ya Udzungwa ni habari nyingine kabisa, hiyo isiguswe. Kinachonikera mimi si mti kukatwa. Ni karatasi nyeupe, iliyopikwa, ikaoshwa, ikasafishwa kwa dawa na kusafiri baharini, kupewa kazi ya nusu saa upande mmoja kisha ikatupwa, wakati hati ya shamba imeandikwa kwenye kikaratasi kisichofika Krismasi. Kila karatasi ina kazi yake. Huo ndio ugomvi wangu, na utausikia tena hapa chini.

Mzee, mimi ni kijana wa kompyuta, Vwawa. Zamani kabla ya hizi mashine ukurasa mlikuwa mnaupangaje?

Kwa vidole. Nilianza nikiwa mwanagenzi kwenye kiwanda cha misheni, na miezi ya kwanza sikugusa mashine. Nilirudisha herufi kwenye vijumba vyake. Kila herufi ni kijiti cha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, kirefu kama theluthi ya kidole changu cha shahada, kichwani ina sura ya herufi iliyogeuka. Unashika kishikio cha chuma mkono wa kushoto, unaokota kwa wa kulia, unapanga mstari ukiwa kichwa chini. Ukishazoea unasoma hivyo hivyo bila kugeuza shingo, na mpaka leo mjukuu wangu akiniandikia kitu kinyume kwenye kioo cha gari nakisoma haraka kuliko yeye.

Tabu yetu ilikuwa hii: herufi ziliagizwa kwa seti, na seti zile zilipimwa kwa Kiingereza. Kiingereza kinakula e. Kiswahili kinakula a, tena kinamaliza k na w kuliko Kiingereza. Panga tu "wanawake walikaa karakana" uone kijumba cha a kinavyobaki wazi, na e zimejaa pomoni hazina kazi. Kwa hiyo tulipanga kurasa chache, tukachapa, tukabomoa, tukarudisha a zetu, ndipo tukaendelea. Kitabu cha nyimbo kilichukua muda si kwa sababu ya urefu wake, bali kwa sababu ya njaa ya a. Fundi wetu mkuu alikuwa na bati la siri la herufi a chini ya meza yake, na ukimkosea hupewi.

Ofset ilipofika, ukurasa mzima unapigwa picha juu ya pleti, nilifurahi kwa mgongo wangu. Lakini nilichojifunza kwenye risasi ni kubana. Kosa moja la nafasi lilikuwa jasho la saa nzima, basi mtu alisoma mara mbili kabla ya kuchapa. Wewe unabonyeza "print", unaona kosa, unabonyeza tena. Soma kwenye kioo kwanza, kijana wangu.

Ugonile mzee. Mimi ni katibu wa usharika, Rungwe. Daftari letu la ubatizo la miaka ya 1970 limekuwa la kahawia na linavunjika pembeni ukifungua. Ajabu, lile la zamani zaidi, la wamisionari, bado jeupe na imara. Tufanyeje? Kuna anayetushauri tulipitishe lote kwenye laminesheni.

Ndaga fijo kwa barua hii, na huyo mshauri mzuieni mlangoni.

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na vitabu vya kumbukumbu vya zama zile mara nyingi vilitengenezwa kwa karatasi yenye matambara mengi ndani yake. Tambara la kitani au pamba ni nyuzi safi, halina lignini. Daftari la bei nafuu la miaka ya 1970 lina mbao iliyosagwa, lignini yote imo, na lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka rangi. Acha gazeti juani dirishani juma moja utaona. Halafu kuna asidi. Mjerumani Moritz Friedrich Illig mwaka 1807 alieleza namna ya kuzuia wino usisambae kwa kuchanganya utomvu wa msonobari na shabu ndani ya rojo. Ilikuwa rahisi, viwanda vyote vikaipokea, na shabu ikaacha asidi inayokatakata nyuzi polepole kwa miaka. Daftari lenu linajila lenyewe.

Msibandike selotepu mahali popote, gundi yake inageuka njano na kula karatasi. Laminesheni ni joto na plastiki isiyotoka tena, na asidi inabaki imefungiwa ndani na chakula chake. Chukueni siku moja ya kiangazi yenye mwanga mzuri, daftari lilale wazi mezani bila kulazimishwa kufunguka hadi mwisho, pigeni picha kila ukurasa kwa simu nzuri, mzitunze sehemu mbili. Kisha chapeni nakala kwenye karatasi nyeupe ya kawaida ya gramu 80 kwa mashine ya leza. Hapa wengi hushangaa: rimu nzuri ya leo, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa kwa chokaa badala ya shabu, haina ile asidi, itaishi kuliko daftari la 1970. Tona ya leza nayo ni unga mweusi uliochanganywa na plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi, maji hayaubebi. Printa ya wino wa maji msiitumie kwa kazi hii, tone moja la mvua ya Tukuyu na jina la mtoto limekwenda. Daftari lenyewe lifungeni kwenye kitambaa safi cha pamba, ndani ya boksi, juu ya rafu. Sakafu na ukuta wa nje vina unyevu.

Na kwa kuwa wewe ni katibu: risiti za mashine, zile nyembamba zinazoteleza, hazina wino. Karatasi imepakwa dawa inayobadilika rangi kwa joto. Kwa hiyo joto, mwanga na jasho la pochi vinaifuta. Risiti ya kiwanja, ya ada, ya bati za kanisa, itolewe kopi siku hiyo hiyo. Nimeona watu wakibishana mpakani mwa shamba, mmoja ameshika ushahidi mweupe pee. Hizo risiti pia zisichanganywe na karatasi za kurejelezwa, dawa yake inaharibu rojo lote.

Nina steshenari Tukuyu mjini. Kuanzia Machi karatasi zinakwama kwenye mashine kila siku, fundi anasema mashine ni nzima. Wateja wananuna na karatasi zilizokunjamana zinajaa ndoo.

Fundi wako ni mkweli. Rimu yako imelowa. Karatasi inakunywa unyevu wa hewa, nyuzi zinavimba upande wa unene wake, ukingo unajikunja, na mashine inapoichoma kwa joto upande mmoja inajikunja zaidi. Lile ganda la rimu limepakwa tabaka la kuzuia unyevu, nawe unalichana lote na kuitoa rimu yote kwa mara moja. Toa zinazotosha saa chache, ganda likunje tena. Jioni usiache karatasi kwenye trei ya mashine. Stoo yako iwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na rimu mpya ikitoka stoo ya baridi ilale dukani usiku mmoja kabla hujaifungua.

Halafu ujue mkondo wa nyuzi. Chukua gazeti lichane kutoka juu kwenda chini, linachanika wima kama umetumia rula. Lichane kutoka pembeni, linakwenda zigizaga. Nyuzi zililala upande zilikokuwa zikikimbilia mashineni. Ukikata mwenyewe karatasi kubwa kuwa A4, hakikisha mkondo unafuata urefu, la sivyo hata kiangazi utakwama. Zile zilizokunjamana usizitupe na usizirudishe mashineni. Zinyooshe, zikate nne, zitoboe, uzifunge uzi: unakuwa na vijitabu vya hesabu za duka. Mimi sijanunua kijitabu cha simu tangu nianze kuwa na ndoo ya mabaki.

Nauza vitumbua na karanga Mwanjelwa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nafungia gazeti au karatasi za ofisini. Mteja mmoja kanikaripia.

Hata mimi ningekukaripia, dada yangu, lakini kwa upole. Marufuku ya Juni 2019 ililenga mifuko ya plastiki ya kubebea, haikusema urudi kwenye gazeti. Wino wa gazeti una mafuta ya madini, na kitumbua cha moto chenye mafuta kinayavuta. Mfuko wa simenti nao una vumbi linalochoma, hata ukiukung'uta. Tafuta bahasha za kaki mpya, ambazo hazijachapwa kitu. Kaki ina nguvu kwa sababu nyuzi za msonobari ni ndefu na hazijachoshwa kwa kusafishwa weupe. Gazeti liwekee karanga zenye maganda, inatosha. Karatasi za ofisini ziache kabisa: nilinunua karanga Kabwe, nilipomaliza kula nikawa najua mshahara wa mtu, deni lake na jina la mdhamini. Aliyezitoa ofisini bila kuzichana ndiye mwenye kosa, si wewe.

Maboksi yako yauzie wanaokusanya, yakiwa makavu. Yanapondwa yakawa maboksi tena, mara tano hadi saba hivi, mpaka nyuzi ziwe fupi mno kushikana. Lenye mafuta ya vitumbua hawalichukui, na wana haki.

Mhasibu, Njombe: bosi anataka ofisi isiwe na karatasi hata moja.

Mwambie aanze na nakala za taarifa ya kikao ambazo kila mjumbe anaziacha mezani. Mikataba aiache kwenye karatasi.

Mimi ni mwalimu wa msingi, Makete. Nataka watoto watengeneze karatasi wenyewe kwa mabaki ya madaftari. Sina mashine wala fedha.

Huhitaji mashine. Iringa mjini, Neema Crafts walianza mwaka 2003 na vijana viziwi wakitengeneza karatasi kwa mikono, na baadaye wakajulikana hata kwa karatasi ya kinyesi cha tembo. Usikunje pua, tembo hasagi vizuri anachokula, nyuzi zinatoka zimeshalainika na kinachobaki ni kuzichemsha na kuziosha. Makete hamna tembo, mna maganda ya mahindi na madaftari.

Watoto wachane karatasi vipande vya ukubwa wa stempu, watoe pini zote, waloweke usiku kucha. Asubuhi twangeni kwenye kinu, si kusaga: unataka kuzipasua nyuzi, hutaki kuzikata. Chota rojo kidogo uweke kwenye glasi ya maji safi, tikisa, tazama juani. Ukiona vipande vyenye maandishi bado, twanga. Ukiona mawingu tu, basi. Ukitumia maganda ya mahindi, hayo yachemshwe kwanza na maji ya majivu mpaka yawe laini kwenye vidole, kazi hiyo aifanye mtu mzima, kisha yaoshwe sana.

Tengeneza fremu mbili za mbao zinazolingana, moja igongelee wavu wa dirisha uliokazwa sawasawa. Chandarua msitumie, kina dawa na kinalegea. Beseni pana, maji mengi, rojo kidogo. Fremu tupu juu ya yenye wavu, zote mbili zinaingia majini wima, zinalazwa chini, zinapandishwa polepole zikiwa bapa. Hapo kabla maji hayajaisha kuchuruzika, tikisa mara mbili kulia na kushoto, mara mbili mbele na nyuma. Mtikiso huo ndio unaozisuka nyuzi, ukichelewa kidogo zimeshalala, na mtoto atakayeshika dakika hiyo mpe beseni, ndiye fundi wenu. Ondoa fremu ya juu, pindua ya chini juu ya kipande cha blanketi kuukuu, bonyeza kwa sponji, inua. Panga blanketi na karatasi, blanketi na karatasi, mwisho ubao na mawe. Kisha bandika kila karatasi kwenye kioo cha dirisha. Baridi ya Julai itachelewesha kukauka, anza Septemba.

Zitakuwa za kijivu na zitasambaza wino, kwa sababu hazina kitu cha kuuzuia. Koroga unga wa ngano kidogo na maji mengi, chemsha mpaka uwe mwembamba unaong'aa, paka pande zote kwa brashi, kausha tena. Baada ya hapo kalamu ya kawaida itaandika. Mkitaka kadi za mahafali, msizipake uji, bandikeni maua makavu zikiwa bado mbichi kwenye blanketi.